Kijana Wetu Anataka Tulipe Dola 1,000 Kabla ya Alhamisi

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Morogoro na mume wangu. Nilistaafu mwaka jana, na katika kiinua mgongo nikatenga shilingi milioni 19 za gari, kodi na gharama za kulitoa bandarini zikiwa humo humo. Si gari la kutembelea. Nafuga kuku wa mayai, na kila wiki nakodi Kirikuu ya watu kupeleka trei mjini na kurudi na chakula cha kuku. Nataka Toyota Probox, ile ya mzigo, ambayo fundi yeyote wa huku anaijua.

Mume wangu ana mtoto wa kaka yake, anauza simu Kariakoo. Kwetu ni mtoto wa kumzaa. Mzee alipolazwa miezi miwili, kijana huyu ndiye aliyekuwa akishinda naye hospitali, akifunga duka lake kwa ajili yetu. Sitasahau.

Sasa kijana ana wakala wake anayenunua magari mnadani Japani kwa njia ya mtandao. Anasema kampuni kubwa zenye tovuti zinanunua mnada huo huo kisha zinatupandishia bei, kwa hiyo bora tukachote maji kwenye chemchemi. Niliomba bei kwa kampuni moja ya Kijapani inayojulikana, wakaniandikia dola 3,900 mpaka Dar es Salaam, wameiita CIF. Wakala wa kijana anasema dola 2,600, na gari ni uhakika.

Wiki tatu zilizopita alinitumia WhatsApp picha ya karatasi ya mnada ya gari lenyewe. Imeandikwa Kijapani, kwa mkono. Niliyoambulia ni namba tu: juu kulia kuna 4, kilomita ni 78,000 na ushee, na kwenye kona kuna 22 na 5. Chini picha imekatwa, ule mchoro wa gari unaonekana nusu. Kijana anasema gari ni la mwaka 2012. Nilipoomba karatasi nzima nikaambiwa mambo ya mnada ni siri ya wanachama.

Gari hilo linaingia mnadani Alhamisi hii. Wakala anataka dola 1,000 ziwe zimefika Jumatano, na tukishindwa, fedha inasubiri mnada mwingine. Akaunti aliyoleta ina jina la mtu, si la kampuni, na benki iko Uingereza. Nilipouliza, nikajibiwa kuwa huyo ni mhasibu wao na kupitia Uingereza makato ni madogo.

Nimeangalia ukurasa wao wa Facebook. Wafuasi ni zaidi ya 40,000, picha za watu wameshika funguo, nyota tano tano. Watu wote hao wanaweza kuwa wamedanganywa?

Mume wangu ameshampa kijana neno. Fedha iko kwenye akaunti yangu. Nikidai nyaraka, itaonekana namwita mwizi mtoto aliyemuuguza baba yake mdogo. Nikinyamaza, hiyo ni jasho la miaka 34 ya chaki. Na hata hiyo kampuni kubwa nimeiona kwenye simu tu, kama nilivyomwona wakala. Mimi niko Morogoro, wao wako Japani. Nitamjuaje mwaminifu?

Mwalimu mstaafu, Morogoro

JIBU

Shikamoo, Mwalimu.

Barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa kwa kamba moja. Moja ni la gari: nani kati ya wauzaji wawili usiowaona anastahili kutumiwa fedha. Jingine ni la nyumbani: namna ya kuuliza bila kumuumiza mtu mnayemdai shukrani. Naona yamekubana zaidi kwa sababu kila ukitaka kujibu la kwanza, la pili linakushika mkono. Niruhusu niyafungue moja moja, na la gari litangulie, kwa sababu lina mambo ambayo yanaweza kupimwa.

Umeandika kana kwamba kumwamini wakala na kumwamini kijana ni kitu kimoja. Wema wa kijana umeuona kwa macho yako, hospitalini. Uaminifu wa wakala hujauona, na inawezekana kabisa kijana naye hajauona. Mara nyingi wanaotafuta wateja kwa njia hii hupitia watu wanaopendwa na jamaa zao, huwaahidi kitu kidogo kwa kila mteja, na mara nyingine hao hao ndio wanaoliwa mwanzo. Kwa hiyo usimweke kijana upande wa wakala kabla hujajua kama amekaa huko. Umeshawahi kumuuliza ni magari mangapi ya wakala huyu ambayo yeye mwenyewe ameyapokea bandarini?

Sasa mnada wenyewe. Kijana hakukosea aliposema kampuni kubwa hununua huko huko. Minada ya magari ya Japani ni ya wafanyabiashara wanachama wenye leseni ya kuuza vitu vilivyotumika. Mtu wa Morogoro hawezi kuingia peke yake, lazima apitie kwa mwanachama. Kwa mfano, mnada wa USS Tokyo, ulioko Noda katika mkoa wa Chiba, hufanyika kila Alhamisi na magari hupita kwa maelfu siku moja, kila moja likiuzwa kwa sekunde chache tu. Wakala halali hukuonyesha orodha, mnakubaliana bei ya juu kabisa kwa yeni, anabonyeza kwa niaba yako, na baadaye anakutoza bei ya nyundo, yaani ile gari liliyouzwa nayo mnadani, ada ya mnada, ada yake, usafiri wa kulipeleka gari bandarini na nyaraka za kutoka nchini. Bei ya mpaka hapo, gari likiwa bandarini Japani, ndiyo huitwa FOB. Ongeza nauli ya meli ni C&F, ongeza na bima ni CIF. Kianzio nacho ni cha kawaida, kwa sababu mwanachama akishinda hana budi kuulipa mnada ndani ya siku chache. Kwa hiyo kuombwa dola 1,000 peke yake si ishara ya utapeli.

Kinachonisumbua ni neno "uhakika". Kabla nyundo haijagonga, hakuna anayejua gari litauzwa bei gani wala nani atalipata. Wakala anaweza kukuhakikishia kiwango ambacho hatakivuka. Kukuhakikishia gari fulani kwa bei fulani kabla ya mnada, hiyo ni kama mtu akuuzie samaki ambaye bado yuko baharini. Labda kijana ndiye aliyelitia neno hilo kwa kukutoa wasiwasi. Linastahili kuulizwa.

Jingine ni hizo wiki tatu. Karatasi za mnada, ambamo mkaguzi huandika hali ya gari, kwa kawaida hutoka siku moja au mbili kabla ya gari kuingia mnadani. Yako uliipata wiki tatu nyuma, na mnada ni "Alhamisi hii". Maelezo ya heri yapo: gari lisipofikia bei ya mwenye nalo hurudishwa mnada unaofuata, lakini hupewa namba mpya ya mnada, na karatasi mpya huonyesha tarehe mpya. Maelezo yasiyo ya heri ni kwamba ile ni karatasi ya gari lililouzwa zamani kwa mtu mwingine, na picha yake inazungushwa kwa wateja. Omba namba ya mnada ya Alhamisi yenyewe, jina la nyumba ya mnada, na namba ya chasisi. Kwa vitu hivyo vitatu, wakala mwingine yeyote mwenye kuingia kwenye mfumo anaweza kukuangalizia kwa dakika tano, na zipo huduma za kulipia dola chache zinazokupa karatasi ya asili kwa namba ya chasisi ikiwa gari limeshapita mnadani.

Tuisome karatasi yako sasa, kwa hicho kipande kilichobaki. Hiyo 22 na 5 kwenye kona, kama iko sehemu ya usajili wa kwanza, ni mwaka na mwezi. Wajapani huandika mwaka kwa enzi ya mfalme: enzi ya Heisei unaongeza 1988, na ya Reiwa, iliyoanza 2019, unaongeza 2018. Reiwa haijafika 22, kwa hiyo ni Heisei. 22 na 1988 ni 2010. Gari lako ni la Mei 2010, si la 2012. Huenda kijana alihesabu vibaya, wengi huchanganya hapo. Lakini ni miaka miwili, na TRA, mamlaka ya mapato, huangalia mwaka wa gari wanapolipigia thamani ya kodi.

Namba 4 ya juu kulia ni daraja la jumla, na ni zuri: gari lenye makovu madogo. 4.5 na 5 huwa karibu na upya, 3.5 lina mikwaruzo na mabonde zaidi, R au RA ni gari lililopata ajali na kutengenezwa. Kwa kazi yako ya trei na magunia, wala nisingelikimbia 3.5. Kinachokuhusu wewe ni injini, sakafu na kilomita, na mambo hayo hayakai kwenye daraja. Yanakaa chini ya karatasi, pale pale picha ilipokatwa. Pale kwenye mchoro ndipo mkaguzi huandika herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni bati lililonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, XX ni sehemu iliyobadilishwa. Namba kando ya herufi huonyesha ukubwa, 1 ikiwa kidogo. Pembeni ya mchoro huwa na maelezo yake kwa maneno: oili inavuja, kutu upande wa chini, gia inagonga. Probox nyingi zimefanya kazi za kampuni, na zile za kaskazini kama Hokkaido zimekula chumvi ya barabarani msimu wa theluji. Kutu ya chini huioni kwenye picha za pembeni hata gari liwe linang'aa. Mtu akikata karatasi, ama simu yake ilikosea, ama kipande hicho kina habari.

Na kilomita: angalia kama kuna nyota, # au $ kando ya namba. Maana zake hutofautiana nyumba hadi nyumba, lakini zote zinakuambia namba ile haina dhamana, mita ilibadilishwa au haijulikani ukweli wake. Ukikuta alama, muulize wakala maana yake kwa mnada huo. Hapa Probox ya mzigo ina faida ambayo gari la familia halina. Kwa sheria ya Japani gari dogo la mzigo, baada ya miaka miwili ya kwanza, hukaguliwa kila mwaka, na cheti cha ukaguzi huandika kilomita. Omba picha ya cheti hicho. Mwalimu anayejua kusahihisha daftari ataona kama namba zinapanda kwa mwendo mmoja au zimeruka kurudi nyuma.

Namba ya chasisi nayo inazungumza, kwa herufi na tarakimu zake za mwanzo. NCP50 ni injini ya 1.3, NCP51 ni 1.5, NCP55 ni 1.5 inayosukuma magurudumu yote manne. Ukitaka ya kawaida, ukaletewa bei ya moja na chasisi ya nyingine, uliza.

Turudi kwenye bei, kwa sababu ndipo moyo ulipovutwa. Tofauti ni dola 1,300. Kabla hujaiita faida, hakikisha mnalinganisha kitu kimoja: 3,900 ni CIF, bima na yote. 2,600 ni nini? Kama ni FOB, nauli ya meli bado. Meli hutoza kwa ujazo, na Probox ni karibu mita za ujazo 11 kwa kila mtu, awe kampuni kubwa au wakala wa kijana. Ada ya mnada ni ya wote, usafiri wa bandarini ni wa wote. Kwa hiyo akikujibu kuwa 2,600 ni mpaka Dar es Salaam, dola 1,300 hazitoki kwenye meli. Zitakuwa zimetoka kwenye faida ya muuzaji, na hiyo haiwezi kubeba zote, au zimetoka kwenye gari lenyewe, yaani umri, kilomita na hali yake. Kama hazitoki kokote, hakuna gari. Mwombe wakala aivunje bei vipande vipande kwa maandishi. Anayenunua kweli anavijua vyote kwa kichwa.

Na usihesabu kwamba bei ndogo itakushushia kodi. TRA wana mfumo wao wa thamani ya magari yaliyotumika, upo wazi mtandaoni. Ingiza mwaka, modeli na ukubwa wa injini, ufanye kwa 2010 na kwa 2012, uone milioni 19 zako zinabaki wapi. Hesabu hiyo ifanye kwanza, hata kabla ya kumjibu kijana.

Akaunti ndipo ninaposita kuliko pengine pote. Kampuni inayonunua mnadani Japani ina akaunti ya kampuni Japani, kwa sababu ndiko inakolipa. Kwenye msimbo wa SWIFT, ule unaoitambulisha benki, herufi ya tano na ya sita ni nchi: JP ni Japani, GB ni Uingereza. Jina la mwenye akaunti linatakiwa kufanana na jina kwenye ankara, herufi kwa herufi. Habari ya mhasibu na makato madogo naweza kuisikia, ila fedha iliyotumwa benki kwa benki kwenda kwa mtu binafsi ikishachukuliwa, kuirudisha ni karibu na muujiza, na hata ukiwa na kesi, unamshitaki nani? Mtu uliyemlipa hayumo kwenye mkataba. Swali la kumpa kijana ni jepesi: kwa nini ankara haina akaunti ya kampuni? Wakileta ya kampuni, mmesogea hatua. Wakikataa, hilo nalo ni jibu, na hukumtukana mtu.

Kuhusu wafuasi 40,000. Sidhani wote wamedanganywa, kwa sababu sidhani wote wamenunua. Wengine ni kama wewe, wamepita kuangalia. Fungua sehemu ya uwazi wa ukurasa: Facebook hapo huonyesha ulianzishwa lini na kama umewahi kuwa na jina jingine. Ukurasa uliouza nywele bandia mwaka jana ukawa wa magari mwaka huu, umekuambia kitu. Nyota tano usizihesabu, zisome. Aliyeandika "huduma nzuri, wanajibu haraka" ameandika akiwa bado anasubiri. Unayemtaka ni aliyeandika baada ya gari kushuka melini: gari lilikuja na spea tairi, kilomita zilikuwa sawa na karatasi, hati zilichelewa wiki moja. Mwandikie huyo faraghani. Uliza ni lini alipata hati ya shehena, ile karatasi ya kampuni ya meli inayoonyesha gari limepakiwa, na meli iliitwa nani. Mnunuzi wa kweli hasahau, kwa sababu aliifuatilia kila usiku. Na kwenye mnada wowote wa mtandaoni, malalamiko husomwa kabla ya sifa. Muuzaji mkubwa asiye na hata lalamiko moja ni wa kushangaza kidogo. Ninachotazama mimi ni alivyojibu.

Usidhani nakusukuma kwa kampuni kubwa. Swali lako kwamba nayo umeiona kwenye simu tu ni swali zuri. Zipo tovuti bandia zilizonakili kampuni halali mpaka nembo, zimebadilisha herufi moja ya anwani. Kwa hiyo vipimo ni vile vile kwa wote wawili. Kila kampuni iliyosajiliwa Japani ina namba yake ya tarakimu 13, na mamlaka ya kodi ya Japani ina ukurasa wa kuitafuta bure. Jina na anwani vinatakiwa kufanana na ankara. Angalia kama wamo kwenye orodha ya JUMVEA, chama cha wasafirishaji wa magari yaliyotumika cha Japani, na uliangalie jina kwenye tovuti ya chama chenyewe, kwa kuwa nembo yake kubandikwa kwenye tovuti ya muuzaji haithibitishi kitu. Chama hicho kina pia utaratibu wa kushikilia malipo ya mnunuzi, ambao muuzaji mwanachama anaweza kuukubali. Simu uliyoikuta kwenye tovuti usiipige tu, pigia ile iliyo kwenye orodha ya chama.

Sasa njia zilizo mbele yako, na miiba yake.

Unaweza kubaki na wakala wa kijana, lakini kwa masharti: akaunti ya kampuni, karatasi nzima, bei ya juu kwa yeni iliyoandikwa, na barua inayosema kianzio kinarudi ndani ya siku ngapi usiposhinda, na nani analipa makato ya benki. "Fedha inasubiri mnada mwingine" bila kikomo ni fedha isiyorudi. Faida yake ni kwamba kijana anabaki na heshima yake. Hatari yake ni kwamba karatasi zote zinaweza kughushiwa, nawe unabaki kutegemea uthibitisho uliotafuta mwenyewe.

Unaweza kwenda na kampuni kubwa kwa 3,900. Unalipia zaidi, na pengine gari wameshalinunua, lina picha za chini na za ndani. Hatari yake ni kulegea: watu wakishaona jina kubwa hawaombi tena karatasi ya mnada, wakati hapo ndipo mtu hupata gari la kilomita 180,000 kwa maelezo matamu. Iombe vile vile.

Kwa njia hizo mbili, baada ya kulipa, kitu cha kukitazama ni hati ya shehena ya kampuni ya meli, yenye jina la meli, namba ya safari na chasisi yako. Piga kwa wakala wa meli hiyo Dar es Salaam uthibitishe gari limo. Hesabu wiki nne mpaka sita baharini, wakati mwingine zaidi. Hati halisi zitakiwe mapema, kwa sababu gari likitangulia kufika kuliko karatasi, bandari inatoza hifadhi na hakuna atakayekuonea huruma kwamba umestaafu.

Ya tatu hukuitaja: yadi za Dar es Salaam. Gari limeshafika, unaenda na fundi wako wa Morogoro, analala chini yake na tochi, mnaliwasha likiwa baridi. Bei iko juu, na kilomita zinaweza kurudishwa hata hapa hapa, kwa hiyo karatasi ya mnada ya gari hilo nayo waombe. Lakini hutumi dola kokote.

Kuhusu Alhamisi: huenda imeshapita unaposoma haya. Kama ulituma, wahi benki yako leo, uwaombe waulizie kurudishwa kwa fedha, uwape na ushahidi wote wa mazungumzo, na utoe taarifa polisi. Uwezekano ni mdogo lakini kila siku inayopita unapungua. Kama hukutuma, hujapoteza kitu. Probox si gari adimu, zitapita nyingine wiki ijayo na ya baadaye.

Imebaki nyumbani. Mzee amempa kijana neno, nawe unaogopa kulivunja. Neno lenyewe lilikuwa nini hasa? Kwamba mtanunua kupitia kwake, au kwamba mtalipa Jumatano kwenye akaunti ya Uingereza? Inaonekana la pili halikuwepo mzee alipoahidi. Mwaweza kulitimiza neno kwa kumpa kijana kazi ya kweli: yeye ndiye aende kwenye yadi, yeye afuatilie namba ya kampuni, yeye apige kwa wakala wa meli, na mumlipe kwa usumbufu wake kiasi mtakachokubaliana. Pengine anachohitaji ni kipato, na wakala amempa njia pekee aliyoiona. Mzungumze wewe na mzee kwanza, msimsute kijana mbele ya watu, na mpige hesabu ya TRA mezani pamoja naye, simu ikiwa mkononi mwake.

Halafu mwonyeshe ile kona yenye 22, umuulize kwa upole ni mwaka gani. Jibu lake litakuonyesha kama karatasi hii anaijua, au amekuletea tu kama alivyopewa. Nisalimie mzee.